Mlango Uliolala Nyegezi

Uliteremshwa saa tano usiku, basi la Tabora,
kwa watu wanne na matusi ya kuli mmoja:
mlango.
Mninga mtupu, mwekundu kama ini,
bawaba zimevikwa kipande cha kitenge,
na kwa chaki, ubavuni: LIMI. KAYENZE. ATAKUJA MWENYEWE.

Mimi ndiye karani wa mizigo, dirisha la tatu,
ukishapita choo cha kulipia, kabla ya yule wa kuchaji simu.
Nimepokea mengi. Injini ya boti. Vifaranga mia wakilia ndani ya boksi.
Keki ya harusi iliyofika imekaa upande.
Jeneza moja, tupu, ambalo mwenyewe alinipigia
kuniuliza kama limenyeshewa.
Lakini mlango hauna safu kwenye daftari langu.
Niliandika "Mbao". Nikafuta.
Nikaandika "Kitu kimoja",
nikauegemeza ukutani, pale ambapo hapana chumba.

Siku ya pili Dotto, muuza karanga, akaugonga: hodi!
Nikajibu bila kuinua kichwa: karibu.
Nilijiponza.
Dereva wa Kahama akawa anagonga kwa ufunguo wa gari, hodi wenyewe!
Mama lishe kwa mwiko, hodi, mmeamkaje humo?
Mwalimu mmoja aliyeachwa na basi la saa kumi na mbili
aligonga mara moja, polepole,
akasubiri kweli.
Huyo sikumjibu kitu.

Kanuni ya stendi: siku saba bure,
kisha shilingi mia tano kila kukicha.
Siku ya kumi na moja msimamizi akasema uuzwe.
Nikamwambia kitasa hakina ufunguo, nani atanunua?
Na ni kweli. Fundi Mrisho aliusahau mfukoni huko Tabora,
akautuma kwa basi jingine, mkononi mwa kondakta,
naye kondakta akapitiliza nao hadi Geita.
Basi mlango ukawa kwangu, umesimama,
na ufunguo ukawa unazurura Kanda ya Ziwa,
ukivuka Busisi asubuhi, ukivuka Busisi jioni,
kwenye shati la mtu anayeita Sengerema, Sengerema, wawili tu.

Akaja Jumanne.
Magamba ya dagaa yamemkaukia hadi viwiko,
ufunguo shingoni, kwenye uzi wa nyavu.
Hakunisalimia mimi.
Aliugonga mlango kwa kifundo cha kidole.
Stendi ilinyamaza, au nilidhani hivyo,
maana kipaza sauti kilikuwa kinakohoa tu.
Sikuthubutu kusema karibu.

"Miaka minane nafunga pazia," akasema, kama anayejibu swali.
"Mbuzi wameingia. Mvua imeingia.
Shemeji zangu wameingia, wakabeba redio,
wakarudi kesho yake kubeba cherehani."
Akachomeka ufunguo. Kitasa kikalia: ka.
Akafunga. Akafungua. Akafunga tena,
akautikisa mpini kwa nguvu za mtu aliye upande wa pili,
hapo ukutani, mbele ya watu,
pasipo ndani wala nje.

Siku kumi na tisa, ukitoa saba: elfu sita.
Nikasema tufanye elfu tatu.
Akanitazama kama nimeingia bila hodi.
Alilipa noti kwa noti, nyingine bado zina unyevu wa ziwa,
akageuza daftari langu, akasoma kwa kidole,
akafika kwenye Kitu kimoja.
"Futa hapo. Andika: Mlango wa Limi.
Na risiti iwe na muhuri. Wao husoma mihuri."

Niligonga muhuri mara mbili.
Wakaubeba watatu, yeye mbele, kwenye mkokoteni,
wakapotea nyuma ya basi la Dodoma.

Kesho yake Dotto akaja na mkono juu tayari,
akakuta ukuta.
Akakuna kichwa kwa mkono uleule.